Wazazi Waizuru Nchi ya Marsabit

Katika sehemu za Kenya zenye mvua nyingi, jina la Kaskazini hutajwa kwa hofu. Mzazi akisikia kwamba mwanawe amepelekwa kufanya kazi Marsabit au Lodwar, hushika kichwa kana kwamba ameletewa habari ya msiba. Hofu hiyo haikuzuka bure. Kwa sheria za mwaka 1902 na 1934, Serikali ya kikoloni iliifunga nchi iliyoitwa Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, wala mtu wa kusini hakuweza kuingia humo pasipo kibali. Waliojulikana kwenda huko ni wale waliopelekwa kwa nguvu. Harry Thuku, aliyekamatwa mwaka 1922, alipitisha sehemu ya uhamisho wake Marsabit. Naye Jomo Kenyatta aliwekwa Lokitaung, kisha Lodwar, kabla ya kuletwa Maralal mwaka 1961. Hata Uhuru ulipokuja mwaka 1963, sehemu kubwa ya nchi hiyo iliwekwa chini ya amri za hali ya hatari, nazo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Si ajabu, basi, kwamba wenyeji wa Kaskazini wakisafiri kwenda Nairobi walizoea kusema, "Tunakwenda Kenya."

Mkulima mmoja wa chai wa Murang'a na mkewe walikuwa na mwana wao karani wa Serikali katika mji wa Marsabit. Kwa muda wa miaka mitatu walimwona wakati wa Krismasi tu. Hatimaye walifunga safari kwenda kumzuru, nao walikwenda na neno moja moyoni: kumwomba aandike barua ya kutaka uhamisho, arudi karibu na nyumbani. Kipande cha shamba la chai kilikuwa kimekwisha kupimwa kwa ajili yake. Mwana alikuwa na habari ya neno hilo, kwa kuwa dada yake alikwisha kumdokezea. Hakubishana. Aliomba ruhusa ya siku tano, akakodi gari, akawalaki wazazi wake Isiolo.

Zamani safari ya kutoka Isiolo ilikuwa ya malori, ya vumbi na mawe, na gari likiharibika abiria walilala njiani. Siku hizi barabara ni ya lami mpaka Moyale, kazi iliyomalizika katika miaka ya 2010, na kilometa zipatazo 270 za kufika Marsabit huenda zikapitwa kwa saa nne. Gari huvuka Mto Ewaso Nyiro penye Archer's Post, mahali palipopewa jina la Geoffrey Archer, ofisa wa Serikali ya kikoloni. Kando ya mto huo ziko mbuga za Samburu na Buffalo Springs, ambamo wanyama wenyewe si kama wale wa kusini: punda milia ana mistari myembamba na masikio mapana, twiga ana madoa yaliyopangika kama wavu, naye swala twiga husimama kwa miguu miwili ya nyuma ili afikie majani ya juu. Mbele yake husimama mlima Ol Lolokwe, bapa kileleni kama meza, ambao Wasamburu huuheshimu kuwa mahali patakatifu.

Kupita Laisamis, miti ilizidi kuwa mifupi, na nchi ya Kaisut ikatandaa kama uwanja usio na mwisho. Mama hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha aliuliza, "Mwanangu, watu wa hapa hula nini?" Mwana akamjibu, "Mama, hula jasho lao kama sisi, ila shamba lao hutembea kwa miguu minne."

Mlima Marsabit huwashangaza wageni wote. Ulitokana na moto wa chini ya ardhi katika zama za kale, nao umesimama peke yake katikati ya jangwa, urefu wake ukipata meta 1,700. Pepo zenye unyevu hugonga mlima huo, na ukungu hufunika msitu karibu kila asubuhi. Miti hunasa ukungu ule, majani yakadondosha maji hata siku ambazo mvua haikunyesha. Mlimani hakuna mto udumuo, na kwa hiyo msitu huo ndio tangi la maji la mji na la vijiji vyote vya kando. Ndani yake, katika shimo la volkeno ya kale, limo Ziwa Paradise, ambako Martin na Osa Johnson wa Marekani waliishi katika miaka ya 1920 wakipiga picha za wanyama. Ndimo alimoishi pia tembo Ahmed, ambaye pembe zake zilikuwa na uzito wa karibu kilo 67 kila moja. Mwaka 1970 Rais Kenyatta alitoa amri kwamba asiguswe na mtu, akalindwa mchana na usiku mpaka alipokufa kwa uzee mwaka 1974. Sanamu yake iko katika Makumbusho ya Nairobi.

Baba aliyatazama hayo kwa adabu, lakini kilichomchangamsha ni mashamba. Katika miteremko ya mlima wako Waburji, watu waliotoka Uhabeshi, nao ni wakulima hodari. Mzee wa Murang'a alisimama penye ua wa mmoja wao, akaomba ruhusa ya kuingia. Wazee wale wawili walitembea katika mahindi na maharagwe, kila mmoja akisema Kiswahili chake, wakaelewana vizuri kuhusu wadudu, samadi, na bei ya mbegu. Walipoagana, baba alikuwa ametiwa mbegu za maharagwe katika kitambaa.

Siku ya pili walikwenda Ulanula, kwenye visima vya Waborana. Visima hivyo ni virefu, nao vijana hushuka ndani, wakasimama mmoja juu ya mwenzake kama ngazi ya watu. Ndoo hupitishwa kutoka mkono hadi mkono kwa wimbo, na wimbo huo ndio unaopima mwendo wa kazi: ukikatika, ndoo nazo hukatika. Zamani ndoo zilikuwa za ngozi ya twiga. Siku hizi vyombo vya plastiki hutumika sana. Ng'ombe mamia walisimama mbali, kila kundi likingoja zamu yake, wala hapakuwa na ugomvi. Mwana alieleza kwamba kisima kina mzee wake aitwaye abba herega, maana yake baba wa zamu. Yeye ndiye ajuaye kundi gani lilikunywa jana na lipi litakunywa leo, naye huitwa kujibu mbele ya wazee wenziwe akipendelea.

Baba alitazama kwa muda, kisha akasema, "Sisi huku kwetu tuna mito saba, na bado twashitakiana kwa ajili ya mfereji mmoja."

Jioni hiyo mama aliuliza maswali aliyoyaweka tangu Murang'a. Je, ukame? Je, wizi wa mifugo? Mwana hakuficha jambo. Alisema kwamba tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mizoga ya ng'ombe na kondoo ikalala kando ya barabara. Alisema kwamba mara kwa mara watu huuawa kwa ajili ya mifugo na malisho. Lakini alisema pia kwamba kazi yake katika miezi ile ilikuwa kuandika majina ya watu wa kupewa chakula, na kwamba karani mvivu huweza kumnyima mjane posho kwa kukosea herufi moja. "Mama," akasema, "nikiondoka mimi, daftari lile litashikwa na nani? Wengi huomba uhamisho kabla hawajajifunza kuandika majina ya watu sawasawa." Mama hakujibu, ila alimwongezea chai.

Siku ya nne walirudi Laisamis, wakashika njia ya magharibi kwenda Loiyangalani, penye Ziwa Turkana. Ziwa hilo Teleki na von Höhnel waliliita Rudolf walipolifikia mwaka 1888, na jina la sasa lilitolewa mwaka 1975. Maji yake mengi huletwa na Mto Omo kutoka Uhabeshi, nayo huwa ya rangi ya kijani jua likiyapiga. Pwani yake hukaa Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi. Upepo huvuma kwa nguvu kiasi cha kumwangusha mtoto. Kwa upepo huo imesimamishwa mitambo 365 iwezayo kutoa megawati 310 za umeme, nayo ilifunguliwa rasmi Julai 2019. Baba aliisifu mitambo, kisha akauliza swali la mkulima: "Ardhi hii ni ya nani?" Mwana akamweleza kwamba wenyeji walikwenda mahakamani, na kwamba mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilitolewa bila kufuata sheria. "Vema," akasema mzee. "Nchi ambayo watu wake huidai si nyika tupu."

Habari ya barua ya uhamisho haikutajwa na baba tena. Walipofika Isiolo aliuliza tu mvua ndefu huanza lini Marsabit, ili ajue wakati wa kumpelekea yule Mburji mbegu za viazi. Mama hakuridhika kabisa. Alimwagiza mwanawe apige simu kila Jumapili, na kipande kile cha shamba akasema kitalimwa na dada yake mpaka atakapokihitaji.

Wazazi wenye watoto huko na waende wakajionee. Miezi mizuri ni ile ya kiangazi baada ya mvua, barabara za udongo zikiwa kavu. Wachukue maji ya kutosha, kofia, na nguo nzito kwa ajili ya baridi ya Marsabit usiku. Waulize habari za usalama kwa chifu au polisi kabla ya kuiacha lami. Wasimpige mtu picha bila kumwomba, wala wasipite kisimani bila kuwasalimu wazee. Na wakifika, wamwache mtoto wao awaonyeshe kazi yake kwanza, kabla ya kumwambia neno walilokuja nalo.