Tola Mbili Sandukuni



Kwa muda mrefu niliona aibu kusimulia jambo hili, kwa kuwa mimi ni mwalimu, na mwalimu hapendi kuonekana ameshindwa na hesabu.

Mwaka 2012, hapa Bukavu, nilikuwa na jirani aliyefanya biashara ya dhahabu kwa zaidi ya miaka ishirini. Dhahabu ilimfikia kutoka Kamituga, naye akaipima kwa tola, yaani gramu 11.66. Kila nilipopita kwake nilimwona akinunua. Bei ya dunia ilikuwa imepita dola 1,700 kwa aunsi, nami nikajiambia kwamba mzee huyu hawezi kukosea. Mwezi wa Oktoba nilichukua akiba ya masomo ya binti yetu, nikanunua tola mbili, nikazificha sandukuni. Mama watoto sikumwomba shauri.

Aprili 2013, katika siku mbili tu za soko, bei ilianguka kwa zaidi ya asilimia kumi. Nikangoja ipande. Mwishoni mwa Juni ilikuwa imekaribia dola 1,200. Masomo yalipoanza, nililazimika kuuza kwa hasara, na fedha hazikutosha. Binti yetu alikaa nyumbani mwaka mzima. Hakunilaumu, na kimya chake kiliniuma kuliko lawama.

Nilimwendea jirani kumlalamikia. Akanisikiliza, kisha akasema: "Mwalimu, mimi hununua asubuhi na kuuza jioni. Faida yangu ni ile tofauti ndogo ya kila gramu. Bei ikianguka usiku, sanduku langu ni tupu. Wewe uliniona nikinunua. Mbona hukungoja kuniona nikiuza?"

Leo baadhi yenu hunionyesha kwenye simu programu zinazoiga, hatua kwa hatua, wafanyabiashara wazoefu wa dhahabu. Njia ni mpya, kosa laweza kuwa lile lile. Anayeigwa huenda ana mtaji wa kungojea; ninyi mna karo. Tena mara nyingi biashara hiyo hufanywa kwa fedha za kukopeshwa. Mwenye dola 100 akishika dhahabu ya dola 10,000, bei ikishuka kwa asilimia moja tu, zake zote zimekwisha.

Sisemi tusijifunze kwa wazoefu. Hata mimi nilifunzwa kufundisha kwa kuwatazama walionitangulia. Lakini anayejifunza huuliza. Mwulizeni mtu huyo huuza lini, aweza kupoteza kiasi gani bila kuyumba, na hasara ikija, nani nyumbani mwake atakosa kitu.

Mjenzi wa mnara katika Injili alitakiwa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Mimi niliketi baadaye. Nilipomweleza mama watoto yote, aliniuliza swali moja tu: fedha zile zilikuwa za nani? Ninyi jiulizeni hivyo kabla ya kununua.