Swali la Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Nilipomaliza kuandika ubaoni mlinganyo wa Reppe, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, wewe mwenyewe umewahi kuifanya?"

Mlinganyo wenyewe haujazi mstari. Asetilini, kaboni monoksidi na maji hukutana penye kichocheo cha nikeli, na kinachopatikana ni asidi ya akriliki, chimbuko la rangi za ukutani, gundi, na zile chembe zinazofyonza mkojo ndani ya nepi. Walter Reppe aliigundua Ludwigshafen, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati ambapo kuishindilia asetilini kwa mgandamizo kulihesabiwa kuwa ni kuyatafuta mauti. Taifa lake halikuwa na mafuta ya kutosha. Lilikuwa na makaa ya mawe, na humo ndimo ilimotoka kabaidi, kisha asetilini. Kampuni yake ilikuwa sehemu ya IG Farben, ile iliyojenga kiwanda cha mpira bandia jirani na Auschwitz kwa jasho na vifo vya wafungwa. Hilo huwa siliandiki ubaoni, nami nimeanza kulionea haya.

Nilimjibu kijana kwamba nimewahi kufanya ndugu yake, ile ya Pauson na Khand, ambamo kobalti huunganisha alkaini, alkeni na kaboni monoksidi kuwa pete ya kaboni tano. Nilifanya hivyo ughaibuni, nikiwa katika masomo ya uzamivu. Hapa nyumbani, kamwe. Kabati letu la kuvutia hewa chafu halijavuta chochote kwa miaka minne, na hatuna kifaa cha kung'amua kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ndiyo ile ile inayowaua waliolala na jiko la mkaa chumbani. Siwezi kumsimamisha mtoto wa mwenzangu mbele yake.

Nimeandika maombi mara tatu. Mara zote nimeambiwa nisubiri bajeti ijayo, na aliyeniambia hivyo ana shahada ya sayansi. Wakati huohuo, mafundi wa kuchomelea nje ya geti letu wanaishika asetilini kila siku, wala hawakuingia darasani kwangu.

"Kwa hiyo, Mwalimu, kwenye mtihani tuikariri tu?" kijana akauliza tena, kwa adabu.

Nikamwambia ndiyo.