Mwenye Heri Anuarite na Baba Yangu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Si mtawa, wala si mtu aliyezoea kuandika. Padri wetu ndiye aliyeniomba niandike haya, nami nimekawia kumtii, kwa sababu nilijua kwamba nikianza habari za Mwenye Heri Anuarite sitaweza kuziacha habari za nyumbani kwetu nje ya mlango.

Mwaka 2024 ilitimia miaka 60 tangu Anuarite auawe. Siku chache kabla ya tarehe 1 Desemba, ambayo ni siku yake, Padri aliniletea kitabu chembamba cha maisha yake, akasema: “Mama mwalimu, uwasomee wasichana wako wa darasa la sita. Usiharakishe.” Nikakipokea bila wasiwasi. Nilidhani namjua Anuarite. Picha yake tunayo kanisani tangu nilipokuwa mtoto. Nilijua kwamba alikuwa sista wa huku kwetu Kongo, kwamba waasi wa Simba walimwua mwaka 1964, na kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri kule Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Niliyajua hayo kama watoto wanavyojua hesabu ya kuzidisha, kwa ulimi tu.

Usiku ule, watoto walipokwisha lala, nikawasha taa nikaanza kusoma. Na mwanzoni tu nikasimama.

Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 kwa Wabudu wa Wamba. Baba yake aliitwa Amisi, mama yake Isude. Jina alilopewa kwao ni Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Anuarite ni jina la dada yake mkubwa. Alipopelekwa shuleni, sista aliyekuwa akiandika majina alikosea, akamwandikia mdogo jina la mkubwa, nalo likabaki mpaka leo katika vitabu vya Ekleziya. (Mimi ninayeandika majina ya watoto kila Septemba, neno hilo lilinitia hofu kidogo.) Amisi alikuwa askari, na wakati wa vita vikubwa alipelekwa mpaka Palestina. Huku nyuma, mwaka 1943, mkewe alibatizwa pamoja na mabinti. Isude alizaa watoto sita, wote wasichana. Na kwa sababu hakuzaa mtoto wa kiume, Amisi akamwacha.

Hapo ndipo niliposimama. Nilikifunga kitabu nikakaa nikiitazama taa.

Sisi nyumbani tulizaliwa wasichana wanne. Baba yangu alikuwa akifanya kazi kwenye reli, na nilipokuwa na miaka tisa alihamishwa Kabalo. Mwanzoni alituma franka kila mwezi. Halafu kila miezi mitatu. Halafu ikaja barua, si fedha, nayo ilikuja kwa mkono wa baba mdogo: mama arudi kwao, kwa sababu yeye baba amepata mke mwingine ambaye atamzalia mwanamume. Mama hakulia mbele yetu. Alikwenda ufukoni, akakopa kapu moja la ndagala, akaanza kuuza sokoni. Kwa ndagala hizo sisi sote wanne tulisoma. Mimi nilipata diploma ya ualimu, na siku nilipoipata nilisema moyoni: yule mtu ajue. Sikumwandikia, lakini nilitaka ajue.

Sasa, wiki tatu kabla Padri hajaniletea kitabu, baba mdogo alikuwa amekuja tena na neno lingine. Baba ni mzee. Mke wake wa Kabalo amekufa, watoto wake wametawanyika. Macho yake hayaoni vizuri tena, na miguu imevimba. Anaomba kuja kukaa kwangu. Kwangu, ambako mama anakaa! Nilimjibu baba mdogo kwamba nitafikiri. Alichukua kofia yake akaenda zake, maana watu wazima wanajua neno hilo lina maana gani.

Basi, mnaweza kufahamu kwa nini sikulala usiku ule. Niliendelea kusoma si kwa ajili ya darasa tena.

Nilisoma jinsi alivyoingia utawani. Siku moja lilikuja kamio la kuwachukua wasichana kuwapeleka Bafwabaka, kwenye nyumba ya masista wa Jamaa Takatifu. Yeye alikuwa bado mdogo. Hakumwaga mtu, alipanda pamoja nao, na mama yake alimtafuta mpaka akapata habari kwamba binti yake yuko utawani. Hapo nilicheka peke yangu. Nimefundisha wasichana wengi wa namna hiyo. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri, akaitwa Sista Maria Klementina. Siku hiyo wazazi wake walileta mbuzi wawili wawe zawadi kwa masista.

Mbuzi hao wawili walinisumbua sana. Wazazi wake! Niliwaza yule binti amesimama katika nguo yake mpya, akimwona baba yake mbele ya watu wote. Je, alimsalimu vipi? Katika picha tunamwona ametulia, lakini waliokaa naye walisema alikuwa mwenye moyo mwepesi, wa kuumia upesi. Alikuwa akifanya kazi jikoni, akatunza sakristia, akafundisha watoto darasani. Mimi naamini kwamba mtu aliyejua kusamehe usiku wa Isiro hakujifunza usiku ule. Alikuwa ameanza zamani, katika mambo ambayo hakuna anayeyaandika.

Habari za Isiro nitazieleza kwa kifupi, kwa sababu wengi mnazijua. Tarehe 29 Novemba 1964 waasi walifika Bafwabaka, wakawapakia masista wote ndani ya kamio, pamoja na wasichana waliokuwa wakilelewa kwao. Walisema wanawapeleka Wamba kwa usalama wao. Kumbe safari iligeuzwa njiani. Walinyang'anywa misalaba na rozari, na jioni ya tarehe 30 wakafikishwa Isiro. Anuarite alikuwa amebaki na sanamu ndogo ya Bikira Maria mfukoni mwake. Usiku, mkubwa mmoja wa waasi, jina lake Ngalo, alimtaka awe mke wake. Anuarite akakataa. Mama Kasima, mkubwa wa masista, naye akakataa kumtoa. Ndipo kazi ya kumlazimisha ikapewa kanali Olombe. Huyu akamchukua yeye pamoja na Sista Yohana Batista Bokuma, na walipokataa kuingia katika motokari akawapiga kwa kitako cha bunduki. Bokuma alivunjika mkono akazimia. Anuarite, huku akipigwa, alimwambia kwamba hataki kutenda dhambi hiyo, na kwamba kama anataka kumwua na amwue. Tena akamwambia kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui analolitenda. Olombe aliwaita vijana wamchome visu, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Alikufa usiku wa manane, ikiwa imekwisha kuwa tarehe 1 Desemba. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Niliwasomea wasichana maneno haya darasani, polepole kama Padri alivyoagiza. Walinyamaza kabisa. Nilipomaliza, mmoja wao aliyekaa dawati la nyuma, mtoto mwembamba ambaye kwa kawaida hasemi, aliinua kidole.

“Mwalimu, kama alimsamehe, mbona hakukubali kwenda naye?”

Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka. Nilisema tutazungumza kesho, nikapiga kengele kabla ya saa yake, jambo ambalo mkurugenzi wetu hapendi hata kidogo.

Jioni nilikwenda kwa Padri. Nilimkuta bustanini akimwagilia mchicha. Nikampa swali la mtoto, nikifanya kana kwamba ni la mtoto tu. Padri aliweka chini ndoo yake.

“Mtoto huyo ameuliza swali kubwa,” akasema. “Wakristu wengi wanafikiri kusamehe ni kusema kwamba jambo halikuwa baya. Mtu akinipiga, nikamsamehe, basi nimesema kupiga ni sawa. Angalia Anuarite. Hakumwambia Olombe kwamba anafanya vema. Alikataa, akakataa tena mpaka risasi. Na kinywa kilekile kilichokataa ndicho kilichosamehe. Hakungoja Olombe atubu kwanza, lakini pia hakumpa alichokitaka.”

Halafu akanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelisahau: siku ile ya Kinshasa, mwaka 1985, Papa katika Misa, kwa jina la Ekleziya yote, alimsamehe mtu aliyemwua Anuarite. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita. “Na bado Ekleziya inamwita Anuarite mfiadini,” Padri akasema. “Mfiadini maana yake kuna aliyemwua. Hatukulifuta neno hilo ili tupate kusamehe.”

Nikanyamaza. Kisha akauliza, huku akiichukua tena ndoo: “Na baba yako hajambo?” Sijui ni nani aliyemwambia. Katika parokia habari hutembea upesi kuliko treni.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama uani anachagua mawe katika mchele. Nilikaa karibu naye nikamsaidia kuchagua. Nilimweleza habari za Isude, mama yake Anuarite, kwamba aliachwa kwa sababu ya wasichana sita. Mama akauliza: “Sita?” Nikasema sita. Akasema: “Mimi wanne tu, na nikaachwa.” Akaendelea kuchagua mawe.

Baada ya kitambo nikasema: “Mama, baba anataka kuja hapa.”

“Najua. Shemeji yangu alipita kwangu kwanza, kabla ya kuja kwako.”

Kumbe wiki tatu zote nilikuwa nikimficha mtu anayejua! Nikamwuliza anaonaje. Aliupepeta ungo mara mbili tatu kabla ya kujibu.

“Mwanangu, mimi sitakuwa mke wake tena. Neno hilo umwambie kabla hajapanda treni, asije akadanganyika. Sitamfulia, na mezani sitaketi naye. Alinitendea vibaya, na hata nikifa jambo hilo litabaki baya. Lakini mgonjwa halali nje wakati mimi nina nyumba. Kila siku katika Baba Yetu naomba nisamehewe, sasa nifanyeje? Mpe chumba cha watoto.”

Mama yangu hakusoma hata darasa la pili. Hakuwa amemsikia Padri bustanini. Nilimtazama nikaona aibu, maana mimi nilikuwa nimehitaji kitabu, na swali la mtoto, na Padri.

Kesho yake nilimjibu msichana wangu mbele ya darasa. Nilimwambia kwamba Anuarite alikataa dhambi na akamsamehe mkosaji, na kwamba yeye kama msichana akikutana na mtu mbaya ana haki ya kukataa, kupiga kelele na kukimbia, hata kama moyoni anataka kusamehe. Nilirudia mara mbili, maana katika nchi yetu wasichana wengi wameumizwa, na wengine wameambiwa kwamba kunyamaza ndiko kusamehe. Yule msichana aliandika katika daftari lake. Sikuuliza aliandika nini.

Baba alifika kwa treni iliyochelewa siku mbili. Nilimjua kwa mabega yake tu. Alikuwa na sanduku dogo la bati, lilelile aliloondoka nalo. Alinishika mkono akaniuliza kama mimi ni wa kwanza au wa pili. Nikamwambia wa tatu. Hakuomba msamaha siku ile, na mpaka leo naandika haya hajaomba. Siwezi kusema kwamba moyo wangu umekwisha. Kuna siku namletea uji nikiwa nimekunja uso, halafu narudi jikoni naona haya. Katika rozari ya jioni ninafika kwenye Baba Yetu, na pale katikati sauti yangu hupungua. Watoto wangu wamekwisha kulitambua, nao huniongezea sauti zao.

Asubuhi hukaa barzani na fimbo yake. Wanafunzi wangu wakipita humsalimu, naye huwauliza ni watoto wa nani, kwa sababu hawaoni vizuri. Mama huenda sokoni kwa mlango wa nyuma. Juzi mvua kubwa ilinyesha, ua wote ukawa matope, ikambidi apite barzani na kapu lake kichwani. Alisema: “Jambo.” Baba alijibu: “Jambo, mama,” akavuta fimbo yake upande ili apate kupita.