Tarakilishi Iliyokataa Kuamka

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Mimi, mwanafunzi wa fasihi ambaye kazi yangu ni kusoma na kuhakiki, niliambiwa.

Nilikuwa Kitale usiku mmoja nikiandika sura ya tatu ya tasnifu yangu. Betri ya tarakilishi yangu ilikuwa imechoka siku nyingi, hivyo nilitegemea umeme wa ukutani. Umeme ukapotea ghafla. Uliporejea nilibonyeza kitufe: taa ikawaka, feni ikavuma, kisha kioo cheusi kikajaa maandishi meupe na kukomea kwenye neno moja lililotiwa mabanoni, yaani initramfs. Nikazima, nikawasha, mara saba. Maandishi yalikuwa yale yale.

Hofu yangu haikuwa sura ya tatu. Sura huandikwa upya. Humo mlikuwa na ngano nilizozirekodi kwa mzee mmoja wa Bungoma, naye alikuwa ameaga dunia kabla sijaziandika. Nakala nyingine sikuwa nayo. Fundi mmoja alipoitazama alisema, "Hii imekufa. Tufute kila kitu tuweke mfumo mpya." Nusura nikubali.

Siku ya tatu nilipanda matatu, nikapitia Kiminini na Webuye hadi Bungoma kwa binamu yangu, mwalimu wa somo la kompyuta. Hakuigusa mashine. Aliniuliza tu, "Ndugu yangu, yenyewe imekuambia nini?"

Nilinyamaza. Siku zote hizo sikuwa nimesoma hata mstari mmoja.

"Basi soma," akasema.

Nikasoma. Ujumbe ulikuwa wazi: sehemu ya pili ya diski ina hitilafu isiyotarajiwa, endesha fsck kwa mkono. Binamu akanifafanulia kuwa Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, huamka kwa hatua. Programu ya GRUB hupakia kiini, nacho hutumia mfumo mdogo wa muda, ndio huo initramfs, kuitafuta diski yenye mfumo kamili. Yangu ilifika hapo ikakuta kumbukumbu za mafaili zimevurugika, kwa kuwa umeme ulikatika wakati diski ikiandikwa. Haikuwa imekufa, ilikataa kuendelea ili isiharibu zaidi.

"Nakala kwanza, tiba baadaye," alisema. Aliiwasha kwa flashi yenye Ubuntu, akaifungua diski kwa kusoma pasi na kuiandika, akanakili kila kilichosomeka. Ndipo tukarudi kwenye kile kioo cheusi, nikaandika kwa mkono wangu: fsck -y /dev/sda2. Mistari ikamiminika. Nikaandika reboot.

Ikaamka. Sura ya tatu ilikuwapo, lakini kabrasha la ngano lilikuwa tupu. Binamu akanielekeza kwenye kabrasha liitwalo lost+found, ambamo fsck huweka mafaili yaliyopoteza majina na mahali pake. Yalikuwamo kadhaa, kila moja likiwa na nambari tu. Niliyafungua moja baada ya jingine. La tano lilianza kwa kikohozi nilichokijua, kisha sauti ya mzee ikaanza kusimulia. Ilinibidi nizisikilize ngano zote hadi mwisho ili nizipe tena majina. Nakiri kuwa sikuwahi kuzisikiliza kwa makini kiasi hicho.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Sisi nasi hatujachoka kubishana kama chombo hiki kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Nimeshiriki mjadala huo kwa bidii. Hata hivyo, tarakilishi yangu iliponena, sikuisikiliza.

Wenzangu mnaorekodi wazee, wekeni nakala mahali pawili leo hii. Na mashine ikigoma, kabla ya kumwita fundi, someni kilichoandikwa.