Kijiji Kilinituma Kivukoni

Mjukuu wangu anasoma uongozi na utawala katika chuo kimoja mjini. Likizo iliyopita alikuja Sekenke, akakiona cheti changu cha Chuo cha Kivukoni ukutani, akauliza: "Babu, ada yako alilipa nani?" Nikamjibu kwamba sikulipa ada, nilitumwa na kijiji. Akanitazama tu. Kwake yeye mtu hujaza fomu, hupata mkopo, basi. Ndiyo maana naandika.

Cheti kinasema 1976. Mke wangu anashikilia ni mwaka uliofuata, kwa sababu mtoto wetu wa pili alikuwa ameshazaliwa. Tuyaache. Kilikuwa bado chuo cha TANU, hilo nina hakika nalo.

Jina langu lilipitishwa kwenye mkutano wa tawi. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee aliyewahi kushika sururu katika mgodi wetu wa dhahabu, alisimama akasema: "Kijana, nauli hii si ya kutembelea. Ukirudi utasimama hapo hapo ulipo, utueleze." Watu wakachanga: huyu shilingi, yule kuku, mwingine debe la karanga lililokwenda kuuzwa Shelui. Lori lililonichukua lilipanda Mlima Sekenke kwa gia ya kwanza, utingo akitembea nyuma na gogo mkononi, tayari kulisukumiza chini ya tairi. Magari yaliyokuwa yakishuka yaliacha harufu ya breki zilizoungua. Harufu ile ilinifuata hadi Manyoni, nilikopanda treni.

Kivukoni tulifika kwa pantoni. Tulisoma siasa ya uchumi, historia, uendeshaji wa vikao. Tulilima, tukafagia, na zamu ya kuosha masufuria niliipanga na bwana mmoja ambaye kwao alikuwa mkubwa wa wilaya. Masizi hayakujali cheo chake. Jioni tulibishana mpaka taa zinazimwa.

Niliporudi, balozi hakusahau. Mkutano ulianza saa tisa alasiri. Swali lake la kwanza: "Dhahabu yetu ilikwenda wapi?" Nikaeleza jinsi Wajerumani, walipobanwa na vita mwaka 1916, walivyogonga sarafu za rupia 15 kule Tabora, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya hapa hapa Sekenke. Wazee walitikisa vichwa. Kisha akauliza: "Na mchango wa zahanati uliokusanywa wakati haupo, uko wapi?" Katibu akaleta daftari, nikalisoma kwa sauti, jina baada ya jina, senti baada ya senti. Waliochanga walisimama kuthibitisha. Tulitawanyika giza limeingia. Siku ile nilijifunza uongozi zaidi kuliko katika darasa lolote, na nadhani walimu wangu wa Kivukoni wangekubali.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Vikaja vyama vingi, chuo kikatoka mikononi mwa chama, na mwaka 2005 kikawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Lami ikapanda mlima wetu. Wachimbaji wadogo wako kwenye mashimo, mabalozi wamebaki majina.

Nimepitia madaftari ya mjukuu wangu. Kuna aina za uongozi, kuna nadharia, kuna maprofesa wa Marekani. Sizidharau nadharia, nasi tulizisoma. Kinachoniudhi ni kwamba miaka mitatu inakwisha bila kijana huyu kusimama hata mara moja mbele ya watu waliotoa fedha zao na kuwasomea zimetumikaje. Anahitimu akiwa hana mtu wa kumjibu. Halafu tunashangaa viongozi wanaokimbia mikutano!

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Nawaomba wahadhiri wa uongozi: wapelekeni wanafunzi wenu huko, wayasome wao, na waulizwe maswali na wenye fedha. Sekenke tutawapokea.