Majani Yanamfuata Ng'ombe

Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita 33 hivi, ila mgeni huzihesabu kwa kona. Chini ni joto na mkonge. Ukifika Soni, kwenye maporomoko, abiria wanaanza kufunga madirisha. Mama niliyekaa naye aliuliza naenda wapi.

"Mlola, kuona ng'ombe."

Akacheka. "Kwani huko kwenu hakuna?"

Wapo, ila nilialikwa na mzee wa Kimbugu, na Wambugu ndio wafugaji wa tangu zamani katika milima hii ya Wasambaa wakulima. Nilijitengenezea picha ya kundi likishuka mteremkoni, mchungaji nyuma na fimbo. Tulipopita msitu wa Magamba kwenye ukungu nilichungulia huku na huku. Msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia. Ulipoishia yakaanza mashamba, viazi na kabichi hadi ukingo wa barabara. Pa kuchungia hata mbuzi hapakuwepo.

Mlola nikapelekwa nyuma ya nyumba. Banda la mbao, ng'ombe wawili wa maziwa na mtamba mmoja.

"Baba yangu aliwachunga," alisema mzee. "Mimi nawalishia ndani."

    

Kwenye chai mzee alirudi kwenye malisho. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza waliwalazimisha watu wa Mlalo kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Watu walichukia, na mpango ukafa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 ukaja SECAP, mradi uliosaidiwa na Wajerumani: panda majani ya gwatemala kukata mteremko, mfungie ng'ombe bandani, samadi irudi shambani. "Matuta yalitupa kazi tu," alisema. "Gwatemala inatupa maziwa."

Hoja nzuri, nikaikubali mpaka jioni, nilipofuatana na mkwe wake kwenda kukata majani. Ng'ombe wa kilo 400 hula takriban kilo 40 za majani mabichi kwa siku. Wakiwa wawili ni 80, na mtamba hujamhesabu. Yule dada alifunga mzigo kwa kamba, akajitwika, akapanda kinjia ambacho mimi nilikipanda kwa kushika miti, mikono mitupu. Akateremka tena kufuata mzigo wa pili.

Zamani ng'ombe aliyafuata majani, leo majani yanamfuata ng'ombe. Mzee anasema ameulinda urithi wa baba yake, na ni kweli: udongo umebaki, maziwa yapo. Lakini miguu iliyokuwa ya ng'ombe sasa ni ya mke wa mwanawe, na jina lake halitajwi urithi unaposimuliwa. Anayepanga kugawa mitamba Usambara, kabla hajauliza banda litajengwa wapi, aulize kwanza: majani yatabebwa na nani?