Kigae cha Babu

Muthurwa mnaijua kwa matope, honi na makanga wanaovutana na abiria. Mimi naijua kwa babu, aliyeishi katika landi za wafanyakazi wa reli. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, lakini pale steji sijaona ukuta unaowakumbuka waliokuwa wakiitunza.

Mwalimu wa Sanaa alitusimulia kuhusu stesheni ya Tottenham Court Road, London. Miaka ya 1980 Eduardo Paolozzi aliipamba kwa picha zilizoundwa kwa vipande vidogo vya kioo cha rangi. Nilipomweleza babu, alicheka. "Mjukuu wangu, mimi nikiwa kipande kimoja tu, yatosha."

Siku hizi naokota vigae vilivyovunjika. Debe limefika nusu. Haba na haba hujaza kibaba. Kilichobaki ni ukuta.